Kisa cha rauta ya antena moja Mji wa Kale: boksi lasema 150, chumbani zafika 12

Kila nikiitwa kwa shida ya waifai siku hizi nakuta jambo ni lile lile, mtu kanunua kirauta kidogo cha safari, boksi limeandikwa 150, yaani megabiti kwa sekunde, kwa maandishi makubwa, faiba analipia vizuri kila mwezi, na spidi inayofika mkononi haifiki hata robo, halafu lawama zote anatupiwa mtu wa faiba. Hiki kisa cha Mji wa Kale nimeamua nikiandike chote na hesabu zake manake kina kila kitu ndani, na hesabu zenyewe ni kugawa na kujumlisha tu, hakuna zaidi.

Nyumba ni ya zamani, ghorofa moja juu, kuta za matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita hivi. Chini anakaa bi mwenye nyumba na jamaa zake, juu upande wa nyuma kuna chumba anakodisha wageni, na wageni wa siku hizi wengi wanakuja na laptopu, mchana bahari jioni kazi, kwa hivo intaneti kwake ni sehemu ya biashara kama vile maji na umeme. Faiba imeingia chini sebuleni. Juu haifiki vizuri, basi kijana wake akaweka kirauta chake cha safari, kimoja kidogo cha antena moja iliyofichwa ndani, kinatumia moto wa USB, akakiweka modi ya ripita, yaani kinashika waifai ya chini na kuitangaza tena juu. Kilifanya kazi. Wageni wakalalamika video koli zinaganda, bi akaongeza kifurushi kutoka megabiti 30 kwa sekunde hadi 60, na hali ikabaki vile vile, hata tofauti ndogo haikuonekana. Hapo ndo hasira ilipoanza.

"Mwanangu, hawa wanila pesa zangu wallahi. Nalipa sitini, naletewa kumi na mbili."

"Hebu tupime kwanza bi, tukijua zinapotelea wapi ndo tutajua wa kumuuliza."

Nasisitiza hapa kupima kwa mpangilio, kuanzia faiba inapoingia kisha unafuata njia hadi kwa mgeni, manake ukipima mwisho tu unapata namba moja ambayo haikwambii kitu. Laptopu nikaitia kebo moja kwa moja kwenye boksi la faiba sebuleni, na vifaa vingine vyote nikaomba vizimwe waifai kwa dakika chache. Zikaja 58, 59, zikarudi 58. Basi kampuni ya faiba imetoka kwenye kesi. Hii ni hatua watu wengi wanairuka na ndo hatua ya haki, kwa sababu huwezi kumshtaki mtu kwa kitu ulichopimia upande wa pili wa nyumba kupitia kuta mbili za matumbawe.

Juu chumbani, laptopu kwa waifai ya kirauta, 12 na kidogo. Usiku baada ya isha, wakati mtaa mzima uko nyumbani, zinashuka hadi 8. Kutoka 58 hadi 12 katika nyumba moja, na kifaa kilichoko katikati kimeandikwa 150.

Sasa hio 150 inatoka wapi, manake si uongo, ina hesabu yake kamili. Waifai ya kizazi cha 802.11n, iliyopitishwa 2009, inaigawa chaneli, yaani njia yake ya hewani, kwa vipande vidogo vidogo vya masafa, na kila kipande kinabeba biti zake kwa mpigo mmoja. Chaneli ya upana wa megahezi 20 ina vipande 52 vya kubeba data. Hali ikiwa nzuri kabisa kila kipande kinabeba biti 6, jumla 312 kwa mpigo, lakini katika kila biti 6 moja ni ya kusahihisha makosa ya njiani, data halisi inabaki biti 260. Mpigo mmoja pamoja na mapumziko yake mafupi unachukua maikrosekunde 3.6. Gawa 260 kwa 3.6, unapata 72.2, na hio ndo namba ambayo simu au laptopu yako inakuonyesha ukiwa karibu na rauta ya antena moja. Ukiunganisha chaneli mbili upana uwe megahezi 40, vipande vinakuwa 108, biti 540 kwa mpigo, gawa tena kwa 3.6, ni 150 kamili. Kwa hivo 150 ni antena moja, chaneli ya upana mara mbili, mapumziko mafupi, hewa safi kabisa, ukiwa karibu. Kitu kimoja katika hivo kikikosekana, namba hio huioni.

Na antena inaingia vipi? Kila antena yenye redio yake nyuma inaweza kubeba mkondo wake wa data kwa wakati mmoja na mwenzake, ndo maana rauta ya antena mbili inaandikwa 300, ni 150 mara mbili. Lakini mikondo inayotumika ni ile ya yule mdogo kati ya wawili wanaozungumza. Laptopu ya mgeni ilikuwa ni nzuri tu, ina antena mbili, haikusaidia kitu, kwa sababu upande wa pili kuna antena moja. Kuna watu hununua simu ya bei kubwa wakidhani waifai itaongezeka, na mbele ya rauta ya antena moja simu hio na simu ya kawaida zote dari yao ni moja.

Halafu hio 72.2 yenyewe ni spidi ya redio, si spidi ya faili lako. Waifai hewani wanazungumza mmoja mmoja, rauta ikituma simu inasikiliza, simu ikijibu rauta inanyamaza, katikati kuna kusubiri kuona kama hewa iko wazi, kuna majibu ya kusema pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, imefika, kuna vichwa vya pakiti, na rauta yenyewe kila baada ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde inatangaza jina lake. Ukitoa hayo yote inabaki kama asilimia 60 hivi. Sikutaka kukisia, kirauta nikakishusha sebuleni, nikakitia laptopu kwa kebo, simu kwa waifai hatua chache tu, nikapima kati ya hivo viwili kwa iperf3, programu ya kupima spidi kati ya vifaa viwili, bila intaneti kuhusika kabisa. Ikaja 45. Hio ndo spidi ya kweli ya kifaa hiki kikiwa na raha zake zote kwenye megahezi 20. Boksi lasema 150, dari ni 45.

Lakini mgeni hapati 45, anapata 12. Kwa hivo antena moja peke yake si jibu, na hapa ndo mafundi wengi wanaishia, wanasema "rauta ndogo hii, nunua kubwa," wanauza wanaenda. Antena moja imekula sehemu yake, lakini kuna kitu kingine kilikuwa kinakula zaidi.

Nikakirudisha kirauta juu pale pale kilipokuwa, kikiwa bado kinashika waifai ya chini, ila laptopu sasa nikaitia kebo kwenye kirauta badala ya waifai, ili hewani ibaki safari moja tu, ya kutoka sebuleni kuja juu. Ikaja 18. Ukiangalia ndani ya setingi zake unaona redio imeteremka hadi 28.9, manake ishara ikidhoofika kwa ukuta, kile kipande cha masafa hakiwezi tena kubeba biti 6 bila kuharibika, kinabeba 4, na nusu yake inatumika kusahihisha makosa. Ngazi zake za spidi ziko wazi, 72.2, 65, 57.8, 43.3, 28.9, 21.7, 14.4, 7.2, na kila ukuta unakuteremsha. Matumbawe na chokaa kwa unene ule si mchezo, tena ngazi za nyumba zile nyembamba na tangi la maji liko juu ya bafu katikati ya njia, na maji yanadhoofisha sana ishara ya gigahezi 2.4, masafa ambayo kirauta hiki kinatumia.

Sasa weka safari mbili pamoja. Sebuleni hadi kirauta 18, kirauta hadi laptopu 45. Mtu atasema basi mgeni apate 18, si ndo nyembamba zaidi? Hapana, kwa sababu kirauta kina redio moja tu na inatumika kwa safari zote mbili kwenye chaneli ile ile, kikipokea hakiwezi kutuma. Ni kama hamali mmoja na mkokoteni mmoja, atoe mzigo bandarini hadi stoo, kisha huyo huyo autoe stoo hadi dukani. Muda unajumlishwa. Chukua megabiti 90, safari ya kwanza kwa 18 inachukua sekunde 5, safari ya pili kwa 45 inachukua sekunde 2, jumla 7. Gawa 90 kwa 7, unapata 12.9. Na kipimo cha laptopu chumbani kilikuwa 12 na kidogo! Hesabu na kipimo zikikutana hivo hakuna haja ya kubishana tena. Hata angeongeza kifurushi hadi 500 pale juu ingebaki 12.

Watu husema ripita inakata spidi nusu. Nusu ni pale safari zote mbili ni nzuri sawa, na mtu akiweka ripita mbali ambako ishara ya kwanza ni dhaifu basi inakata zaidi ya nusu, kama hapa. Ndo maana ripita huwekwa katikati ya njia, haiwekwi kule waifai ilikofia, na kwenye nyumba hii katikati ya njia ni ukuta.

Na zile 8 za usiku? Hio ni hewa ya mtaa. Mji wa Kale nyumba zimegusana, dirisha hadi dirisha kuna mahali unaweza kupeana chumvi, na nilipofungua programu ya kuorodhesha waifai kwenye simu orodha ilijaa skrini na kuendelea, wengi wao chaneli 6. Gigahezi 2.4 ina chaneli zisizopandana tatu tu, 1, 6 na 11. Mkiwa wengi chaneli moja mnapokezana zamu, hata kama kila mtu ana paswedi yake, hewa ni moja. Na ripita inatumia zamu mara mbili kwa kila pakiti, kwa hivo msongamano unaiumiza mara mbili.

Kijana wa bi akauliza swali zuri, kwa nini tusiweke megahezi 40 tupate hio 150. Tukaweka. Setingi ikiwa otomatiki kirauta kikisikia majirani kinarudi chenyewe megahezi 20, na hivo ndo kilivyoundwa, ni sheria ya 802.11n yenyewe ya kuishi na wenzako. Tukalazimisha 40. Redio ikaonyesha 135, mara 150, tukafurahi sekunde mbili, lakini kipimo kikawa kinaruka 50, 20, 38, 15, kwa sababu sasa unachukua karibu nusu ya bendi yote, yaani eneo lote la masafa ya 2.4, jirani yeyote akiongea popote humo ndani unasubiri au unagongana naye. Tukarudisha 20. Katika mtaa wenye nafasi, labda shamba huko Kwale na jirani hasikiki, 40 ina maana. Mji wa Kale mie siiweki kwenye 2.4, na naona yeyote anayeilazimisha anawaharibia majirani bila yeye kufaidika.

Tulichofanya ni kebo. Mji wa Kale ni eneo la kuhifadhiwa, ukuta wa mbele hutoboi ovyo, na hata ingekuwa ruhusa mie nisingetoboa matumbawe yale kwa ajili ya waya. Kulikuwa na upenyo wa zamani juu ya mlango wa ngazini, tukapitisha hapo, tukafuata boriti hadi juu, mita ishirini na kitu, na kebo ya ethaneti inafika mita 100 bila shida. Nilichosimamia ni iwe shaba tupu, si zile za alumini iliyopakwa shaba, manake kwa unyevu na chumvi ya pwani viunganishi vya zile za rahisi vinaoza upesi. Nishaulizwa sana kama hewa ya chumvi inapunguza waifai. Hewani kwa umbali wa nyumba haina athari ya maana, inachokula ni chuma na viunganishi.

Kirauta kikatolewa modi ya ripita, kikawekwa kutangaza tu kinachokuja kwa kebo, chaneli 1, upana 20. Waifai ya sebuleni ikahamishwa kutoka 6 kwenda 11 ili hizi mbili za nyumba moja zisigombanie hewa. Halafu chaja, ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la USB la tivi, na matundu mengi ya aina hio hutoa nusu ampia tu wakati kirauta chataka ampia moja, ndo maana wageni walikuwa wanasema inajizima ikiwa na kazi nyingi. Ikawekwa chaja yake. Usimbaji, yaani kufungia data ya waifai isisomwe na wengine, nikahakikisha ni WPA2 ya AES, manake ukiweka ile TKIP ya zamani spidi za 802.11n zinazimwa na unarudi kwenye 54 za enzi za 802.11g, kizazi cha kabla yake, na hilo nalo nimelikuta kwa watu.

Chumbani sasa 44, 45 mchana. Usiku 33 hadi 36. Kutoka 12 na 8. Rauta ni ile ile, antena ni ile ile moja, kifurushi ni kile kile.

Mgeni aliyekuwepo akasema kwake bado polepole. Kumbe alikuwa ameomba VPN, ile njia ya siri inayosimba data yote inayopita intaneti, iwekwe ndani ya kirauta ili vifaa vyake vyote vipite humo. Prosesa ya virauta hivi vya 150 mara nyingi ni ya megahezi 400 hivi, kusimba na kusimbua kila pakiti kwa OpenVPN, programu ya VPN, inaichosha, haitoi zaidi ya megabiti chache. VPN ikahamishiwa kwenye laptopu yake ambayo prosesa yake ina nguvu, ikaisha shida. Hapo pia ungelaumu antena bure.

Bi akauliza, na ni swali la mwenye kulipa, "Sasa sitini nalipa, juu zafika arubaini na tano, hizo kumi na tano ziko wapi?"

"Ziko huku chini kwako bi. Mgeni akivuta zote anazoweza, bado nyinyi mna kumi na tano zenu, na video koli moja nzuri inataka tatu au nne."

Akalipenda hilo. Mie pia naona ndo namna sahihi ya kuiangalia dari ya kifaa kama hiki, pale nyumba ina watu wengi dari ya chumba kimoja haimaanishi umepoteza pesa. Angekuwa peke yake ndani ya nyumba ningemwambia ashushe kifurushi hadi 40 na asinunue chochote.

Lakini kijana alitaka kirauta chake, anakwenda Nairobi mara kwa mara kwa kazi na ndo alikinunulia hilo, kwa hivo cha chumbani kikabidi kitafutwe kingine. Hapa nitasema kidogo kuhusu namba za maboksi. Ukiona 750 ni 300 ya gigahezi 2.4 jumlisha 433 ya gigahezi 5, wakazungusha, na 433 ni antena moja tena kwenye chaneli ya megahezi 80. Ukiona 1200 ni 300 jumlisha 867, yaani antena mbili. Hakuna simu moja inayopata jumla hio, inashika bendi moja kwa wakati. Na geuza boksi usome tundu la kebo, nyingi za bei ya chini zina 1200 mbele na tundu la 100 nyuma, na tundu la 100 likijitahidi sana linatoa 94 hivi. Kwa kifurushi cha 60 tundu la 100 linatosha kabisa, kwa hivo hatukulipia la giga, yaani la 1000. Kama una kifurushi cha 200 usilichukue.

Gigahezi 5 inashindwa na ukuta haraka kuliko 2.4, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hilo likawa faida, kwa sababu kebo ishavuka ukuta na waifai kazi yake ni chumba kimoja tu, kuta za matumbawe zinawazuia majirani wasiingie. Tuliweka ya 1200, antena mbili kila bendi. Chumbani zikaja 57 na 58, mchana na usiku, yaani faiba yote inayoingia nyumbani.

Kirauta cha antena moja kimerudi mfukoni kwa kijana. Hoteli anazolala huko bara waifai yenyewe ni megabiti 10 au chini ya hapo, na hapo 45 yake ni nyingi kuliko inayohitajika. Nilimwekea setingi mbili: chumba kikiwa na tundu la kebo atumie kebo, kisipokuwa nalo akiweke karibu na mlango upande wa korido, ile safari ya kwanza iwe nzuri, kisha laptopu ikae popote ndani ya chumba.